Noti ya Mia Tano na Kura ya Mnyonge
Hotuba kwa waumini na wapenda mageuzi wa Kongo, Kawangware



Kila msimu wa uchaguzi magari makubwa huteremka hapa Kongo na kwa jirani zetu wa Kibera. Tunagawiwa unga, fulana na noti. Mkutano ukiisha magari huondoka, nasi tunarudi kununua maji kwa mtungi. Leo tujiulize swali moja tu: pesa hizo hutoka wapi?

Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991, tulishangilia tukidhani kwamba vyama vingi ndiyo demokrasia yenyewe. Mwaka uliofuata kundi la Youth for KANU '92 lilimwaga pesa nchini, hata noti ya shilingi 500 ikabandikwa jina la mwenyekiti wake, "Jirongo". Wakati huo huo kampuni ya Goldenberg International ilikuwa imepewa haki ya pekee ya kuuza dhahabu na almasi nchi za nje, huku serikali ikiilipa fidia ya asilimia 35. Dhahabu ya Kenya ilikuwa haba na almasi haikuwapo. Hata hivyo mabilioni ya umma yalilipwa.

Wingi wa pesa zisizo na mali nyuma yake ulichangia kupandisha bei, na mwaka 1993 mfumuko ukakaribia asilimia 46. Basi aliyepokea noti Desemba aliirudisha dukani, tena kwa riba, kila alipokwenda kununua unga. Wahenga walinena, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Sisi tulilishwa kijiko kimoja cha chakula chetu wenyewe, na sufuria ikaondoka na mgeni.

Wala tusijidanganye kwamba maradhi haya ni ya chama tawala peke yake. Mwaka 1993 Jaramogi Oginga Odinga, mzee wa mageuzi, alikiri kwamba alipokea shilingi 2,000,000 kutoka kwa Kamlesh Pattni wa Goldenberg. Kwa upande wa pili alisimama David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu aliyetoa nyaraka za siri za malipo hayo. Alikamatwa, akafutwa kazi, na mwaka 2006 akafariki akiwa maskini. Mwaka huo huo taarifa ya Tume ya Jaji Bosire ilitangazwa, lakini hakuna kigogo aliyefungwa kwa kashfa hiyo.

Je, sheria ipo? Ipo. Sheria ya Fedha za Kampeni ilipitishwa mwaka 2013. Tume ya Uchaguzi ilipoweka kikomo mwaka 2021, shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais, Bunge la Taifa lilizikataa kanuni hizo, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila kikomo. Sisi mawakili tunalisema hili waziwazi: tajiri atoaye mamilioni gizani hatoi sadaka. Amepanda, naye atavuna kwa zabuni, misamaha ya kodi na ardhi. Yeye ndiye mpiga kura wa kwanza. Sisi wa Kongo tunahesabiwa mwisho.

Kanisa nalo halikusalimika, maana harambee nyingi zimegeuza madhabahu kuwa jukwaa. Lakini Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kurudisha mchango ambao Rais alikuwa ameutoa katika parokia ya Soweto. Kama parokia yenye nyumba ya padri isiyokamilika iliweza kusema hapana, nasi tunaweza.

Kwa hiyo tuazimie mambo matatu. Kwanza, kila mgombea ajaye hapa aulizwe hadharani nani anamgharimia, na jibu liandikwe. Pili, tuwadai wabunge wetu kanuni za fedha za kampeni kabla ya uchaguzi wa 2027. Tatu, vyama vyetu vya mageuzi na makanisa yetu yasome hesabu zao mbele ya wanachama, tusije tukamkemea jirani na nyumba yetu imejaa taka.

Katiba ya 2010, kifungu chake cha kwanza, inatamka kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Mali ya mtu hainunuliwi mpaka mwenyewe akubali kuiuza. Ndugu zetu, tusiuze.