Mazungumzo ya 14: Wazee wa Treni Ndogo

Leo tutaanzia mbali kidogo, Marekani na Uingereza, halafu tutarudi hadi mlangoni kwako.

Huko kuna watu wazima, wengi wao wanaume, na wengine wamestaafu, ambao hutengeneza treni ndogo. Hizi si za kumtuliza mtoto. Ni mfano wa treni ya kweli, pamoja na stesheni, madaraja, miti na maduka yake. Kipimo kinachotumiwa zaidi hupunguza kila kitu mara 87, kwa hivyo abiria anayengoja treni ana urefu wa sentimita 2 hivi. Mwimbaji Rod Stewart alitumia zaidi ya miaka 20 kujenga mji wake wa treni, na mwaka wa 2019 ukaonyeshwa katika jarida. Akiwa safarini kuimba, alikodi chumba cha ziada hotelini ili aendelee na kazi hiyo. Usicheke, mama. Sikiliza kwanza.

Mimi kama muuguzi, kilichonivutia ni vile watu hawa wanavyokaa pamoja. Chama chao cha kitaifa huko Marekani kilianzishwa mjini Milwaukee mwaka wa 1935, kwa sababu vifaa vya kiwanda kimoja vilikuwa havilingani na vya kiwanda kingine. Wakakubaliana vipimo. Leo katika vilabu vingi kila mmoja hujenga kipande chake cha reli nyumbani, juu ya ubao, mradi ncha zake zilingane na za jirani. Siku ya kukutana wanabeba vipande, wanaviunganisha, na treni moja inapita kwa wote.

Tena husimama mara nyingi! Uchafu kidogo juu ya reli hukata umeme. Ikisimama kwenye kipande chako, watu watatu wanne wanainama nawe. Huyu ana kitambaa, yule ana bisibisi, mwingine analeta chai na utani. Macho yote yako kwenye reli, hakuna anayekutazama usoni. Hapo ndipo mtu anaweza kusema polepole, "Mke wangu ameanza kusahau majina ya watoto." Mwenzake anaendelea kupangusa reli huku akimsikiliza.

Wanaume wengi, na wavulana pia, ukiwaketisha kwenye kiti na kuwauliza, "Una shida gani?" watakujibu, "Niko sawa." Naliona hilo kliniki karibu kila wiki. Lakini mpe kazi ya mikono, keti kando yake, na maneno yatatoka yenyewe. Si jambo dogo. Mwezi wa Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke huongeza hatari ya kiharusi, ugonjwa wa moyo, kisukari na mfadhaiko.

Sasa turudi kwako. Wewe mama una chama chako, una kanisa au msikiti, una jirani wa kukuazima chumvi na kukusikiliza. Baba watoto ana nini? Babu aliyestaafu akarudi nyumbani, ana nani wa kuinama naye?

Treni za umeme ni ghali, hatuzihitaji. Chungulia nje ya nyumba. Vijana wanakunja waya kutengeneza gari, magurudumu wamekata kutoka kwa slipa kuukuu. Wadogo wamefunga mikebe kwa kamba, wa mbele ndio injini. Wengi wetu tunaona takataka, tunazitupa jioni tukifagia. Tafadhali usizitupe. Hapo mtoto anajifunza kungoja zamu ya koleo, kukubali kusahihishwa, na kumsaidia mwenzake ambaye gurudumu limetoka.

Na kama una kijana wa miaka 12 au 13 aliyenyamaza tangu msiba au tangu baba ahame, usimhoji. Mshikie waya akate. Muombe babu amwonyeshe magari waliyotengeneza wao zamani. Kaeni hivyo siku kadhaa. Akianza kusema, usimkatize kwa mahubiri. Lakini akiendelea na huzuni kwa wiki mbili, halali au hataki chakula, mlete kituo cha afya. Akitaja kufa au kujiumiza, mlete siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake.

Neno moja kuhusu usalama, na hili ni zito. Waya na vizibo viwekwe mbali na watoto wa chini ya miaka 3. Hatari kubwa zaidi ni zile betri bapa za duara kama sarafu, zinazotiwa ndani ya saa, rimoti na vitu vya kuchezea. Ikikwama kooni, inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2, hata kama mtoto hakohoi wala halii. Ukishuku tu kwamba amemeza, usimtapishe, usimpe chakula, usingoje aitoe kwa choo. Mpeleke mara moja hospitali yenye eksirei. Betri zilizokwisha zifunge kwa karatasi ya gundi na uzitupe mahali mtoto hafiki.

Wiki ijayo, wakati kama huu, tutazungumzia minyoo.