Kiwanda kikifa, hati anaishika nani?



Leo sikuja kuwapigia kelele za jukwaani. Nimeombwa nizungumzie nyumba, nami nitazungumzia nyumba. Ninyi mlioko hapa, na wewe ndugu utakayeyasoma maneno haya gazetini, wengi wenu mmepanga chumba kimoja, choo mnachangia watu kumi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa hiyo nikitaja usanifu wa majengo msidhani ni mambo ya wasomi na karatasi zao. Ni habari ya nani atalala wapi.

Nitawapeleka mbali, Vancouver, mji wa bandari huko magharibi mwa Kanada. Kwa nini huko? Kwa sababu katikati ya mji ule kuna mkono wa bahari unaoitwa False Creek, na kwenye kingo zake wamejaribu zaidi ya mara moja kitu kile kile: kuchukua ardhi ya viwanda vilivyokufa na kujenga nyumba ambamo mwenye nazo na asiye nazo wanakuwa majirani. Maji ni yale yale, mji ni ule ule. Matokeo ni mbalimbali, na sababu yake nataka muione wenyewe.

Zamani False Creek palikuwa mahali pa kuziba pua. Vinu vya kupasulia mbao, karakana za meli, yadi za treni, moshi na maji machafu. Viwanda vikaanza kuhama. Wakati huo huo wakubwa wa mji walikuwa na hesabu zao za kupitisha barabara kuu ya magari juu ya mitaa ya wanyonge, ikiwemo ya Wachina. Wananchi wakakataa. Mwaka 1972 chama kipya kilichoitwa TEAM kikawaangusha waliozoea kukalia viti vya jiji, na Art Phillips akawa meya. Ndani ya TEAM alikuwamo diwani mmoja, Walter Hardwick, mwalimu wa jiografia chuo kikuu. Huyu ndiye aliyeivalia njuga False Creek.

Sasa sikilizeni walichofanya upande wa kusini. Ardhi ilikuwa imeshaingia mikononi mwa jiji. Hawakuipiga mnada. Waliipangisha kwa mikataba mirefu, mingi ya miaka 60: anayejenga anajenga, awe mfanyabiashara au chama cha ushirika cha nyumba, lakini hati inabaki kwa jiji. Na mwenye hati akaweka sharti lake. Theluthi ya wakazi wawe wa kipato cha chini, theluthi wa kati, theluthi wa juu. Watu wakaanza kuhamia katikati ya miaka ya 1970, na kwenye ardhi hiyo ya jiji zikafika nyumba zipatazo 1,800.

Hebu tuutazame mchoro wenyewe. Majengo ni ya ghorofa chache, yamepangwa makundi makundi yakizunguka ua. Mgeni akipita kwa miguu atapata taabu kusema hili ni la ushirika na lile ni la walionunua. Njia ya kutembea kandokando ya maji ni ya kila mtu. Hakuna tajiri aliyeruhusiwa kuweka uzio hadi ufukweni. Shule ya msingi iko humo humo. Jirani yake, kwenye ardhi ya serikali kuu, ni Granville Island, palipokuwa pa viwanda vitupu, na tangu 1979 pana soko la chakula. Hawakufukuza kila kiwanda. Kile cha zege cha Ocean Concrete kipo bado, malori yake yanapita polepole karibu na wanunuzi wa samaki, na mwaka 2014 wachoraji wawili wa Brazili waliyageuza matangi yake marefu kuwa sanamu za watu wa rangi. Napenda sana jambo hilo. Kwetu tumezoea kudhani penye nyumba nzuri pasionekane mtu mwenye vumbi la kazi.

Kasoro ipo. Walijenga chini mno. Ardhi ya katikati ya mji kama ile ingebeba watu wengi zaidi, na wanaosema hivyo mimi nawaunga mkono.

Tuvuke maji twende kaskazini. Huko palikuwa na yadi za reli, kisha pakafanyika maonyesho makubwa ya dunia, Expo 86. Ardhi ilikuwa ya serikali ya jimbo. Maonyesho yakaisha, na mwaka 1988 serikali ile ikaiuza yote kwa mkupuo, hekta zipatazo 80, kwa Concord Pacific, kampuni ya tajiri Li Ka-shing wa Hong Kong. Bei ilikuwa dola milioni 320 za Kanada, tena za kulipa taratibu kwa miaka. Na udongo uliojaa sumu za viwanda? Gharama za kuusafisha zikabaki kwa serikali, yaani kwa mlipa kodi. Hapo ndipo mimi hushika kichwa.

Jiji likabaki na silaha moja, kibali cha ujenzi. Nitawapa haki yao: silaha hiyo waliitumia vizuri. Walimwambia mjenzi atenge viwanja vya asilimia 20 ya nyumba kwa ajili ya watu wasiomudu bei ya soko, na asilimia 25 ya nyumba zote ziwafae wenye watoto. Mwaka 1992 wakatoa mwongozo wa nyumba za familia katika maghorofa. Usomeni kwa akili ya baba au mama. Nyumba za familia ziwe ghorofa za chini. Mzazi akiwa ndani aweze kuuona uwanja wa watoto kuchezea. Pawe na mahali pa kuweka baiskeli na vyombo vikubwa. Majengo yenyewe ni membamba, sakafu moja ina kama mita za mraba 600, na minara imeachana mita 24 hivi ili jua lipite. Chini ya mnara kuna nyumba zenye milango inayofunguka barabarani, ili mtaa uwe na macho ya watu usiku na mchana.

Watoto wakaja kweli. Shule ya Elsie Roy iliyofunguliwa mwaka 2004 ikajaa hadi wazazi wa mtaa huo huo wakakosa nafasi. Lakini vile viwanja vya wanyonge vilihitaji fedha ya umma ili vijengwe. Mwaka 1993 serikali kuu ya Kanada ilikuwa imeacha kutoa fedha kwa nyumba mpya za aina hiyo. Minara ya wanunuzi ikapanda, na baadhi ya viwanja vya wanyonge vikabaki viwanja kwa miaka na miaka. Mchoro ulikuwa sahihi kabisa. Aliyeuchora hakuwa na ardhi wala fedha.

Msije mkadhani kushika hati kunatosha. Upande wa kusini mashariki ardhi ilikuwa ya jiji tena, ikajengwa kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki ya 2010. Mwaka 2005 baraza lilirudia ile ahadi ya theluthi tatu. Uchaguzi ukapita, wakaingia wengine, mwaka 2006 wakaipunguza ahadi. Dunia ikayumba kifedha mwaka 2008, mkopeshaji akakaza mkono, jiji likalazimika kuubeba mkopo. Nyumba 252 zilizokusudiwa kuwa za bei nafuu, mwaka 2010 baraza likaamua nusu yake zipangishwe kwa bei ya soko. Majengo yale yanapashwa joto kwa moto unaovunwa kwenye maji taka, ufundi wa hali ya juu, na bado mfanyakazi wa kawaida ndiye aliyepunguziwa nafasi.

Hata wale wa kusini hawalali usingizi mzito. Mikataba yao inaanza kwisha mwaka 2036, na kwa muda mrefu wamekuwa wakivutana na jiji juu ya masharti ya kuendelea.

Kuna wengine sijawataja, na walikuwa pale kabla ya kinu cha kwanza. Mdomoni mwa False Creek palikuwa na kijiji cha watu wa Squamish, wenyeji wa nchi, kikiitwa Sen̓áḵw. Mwaka 1913 serikali ya jimbo iliwapakia kwenye tishari ikawaondoa. Wajukuu wakaenda mahakamani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakarudishiwa kipande kidogo kilichokuwa kimeshikwa na reli, pale chini ya daraja la Burrard. Tangu mwaka 2022 wanajenga hapo minara 11 yenye nyumba kama 6,000, karibu zote za kupangisha. Kwa kuwa ni ardhi yao wenyewe, sheria za jiji za urefu wa majengo haziwahusu. Wameingia ubia na wenye mitaji, wamekopa serikali kuu, na ardhi hawakuiuza.