Fyuzi Kwanza, Taa Baadaye

Betri ya bodaboda ni ya volti 12 tu. Haimpigi mtu shoti, lakini inaweza kuteketeza pikipiki nzima. Waya wa taa ya ziada, redio au chaja ya simu ukichubuka na kugusa chuma, umeme wa betri hupita hapo kwa nguvu. Waya huwaka, na tangi la petroli liko juu yake.

Kinga ni fyuzi. Hukatika kabla ya waya kuungua. Hukaa karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna kinga. Fyuzi iliyowekwa huko mbele kwenye usukani hailindi waya unaotoka kwenye betri hadi hapo.

Maji nayo huharibu waya: huku Kericho na Bomet, Kenya, mvua hainyeshi msimu mmoja tu. Maungio ya waya yaliyosokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni huingia maji na kuota kutu.

Mwendeshaji, kabla ya kazi ya kuunganisha waya, fundi atoe kwanza waya hasi wa betri. Aweke fyuzi karibu na betri. Karibu na betri! Fyuzi ikikatika, tafuta waya uliochubuka. Usiweke karatasi ya pakiti ya sigara mahali pake.