Watani wa Jadi: Lugha na Kumbukumbu za Mashabiki wa Simba na Yanga



Katika Kiswahili cha Tanzania lipo pambano moja la kandanda linaloweza kutangazwa bila kutaja jina la timu hata moja. Mtangazaji akisema kuwa watani wa jadi watakutana Jumamosi, msikilizaji wa Mtwara na wa Bukoba huelewa papo hapo kuwa ni Simba na Yanga. Hakusema mahasimu, wala maadui, ingawa maneno hayo yamo katika lugha na waandishi wa michezo huyatumia wakitaka. Amesema watani. Mhadhara huu unalifuata neno hilo ndani ya kumbukumbu za mashabiki, kwa hoja kwamba mashabiki wameuhifadhi ushindani wao katika umbo la utani, na kwamba utani si mzaha mtupu. Ni mkataba wenye ruhusa na wajibu. Ruhusa imestawi mno. Hali ya wajibu ndiyo inayotia shaka.

Wanaanthropolojia waliushughulikia utani mapema. A. R. Radcliffe-Brown aliandika juu ya uhusiano wa aina hii mwaka 1940, na R. E. Moreau akaandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944. Kwa maelezo yaliyozoeleka, utani wa makabila ulizaliwa pale watu walipokutana kwa vita au kwa safari: Wangoni na wale waliopigana nao, wapagazi wa Kinyamwezi na wenyeji wa njia ya misafara kuelekea pwani, kama Wazaramo na Wazigua. Uadui au ugeni uligeuzwa kuwa idhini ya kutukanana. Mtani humwita mwenzake mtumwa wake, humchukulia kuku mchana kweupe, na mwenye kuku hana haki ya kununa. Lakini mtani huyohuyo ndiye ashikaye jembe la kuchimba kaburi, na ndiye mwenye kibali cha kuwachekesha wafiwa pale ambapo ndugu wa damu hawezi kufungua kinywa. Asiyefika msibani hana ruhusa ya kutania. Hiyo ndiyo tofauti ya mtani na mtu mwenye matusi.

Je, neno hili lilitumiwa kwa timu za mpira kwa mapambo tu? Historia ya klabu zenyewe yaonyesha kuwa sivyo. Yanga huhesabu umri wake tangu mwaka 1935, na Simba tangu mwaka 1936. Kwa masimulizi yaliyozoeleka mjini Dar es Salaam, klabu ya pili ilitokana na watu waliojitenga na ya kwanza, ikapitia majina ya Queens na Eagles kabla ya kuitwa Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. "Jadi", neno lenye asili ya Kiarabu, hurejelea babu na nasaba. Kwa hiyo watani hawa wa jadi ni watu wa nyumba moja waliogombana, wakahamia mtaa wa pili, wakabaki wakisikia sauti za wenzao kupitia ukuta. Makao yao yako karibu mno, Msimbazi na Jangwani, pande zote mbili za Kariakoo. Msikilizaji husikia "simba" ndani ya "Msimbazi" na kufurahi. Hiyo ni furaha ya sikio, haitoshi kuwa ushahidi wa etimolojia. La kuchekesha zaidi ni kwamba Mto Msimbazi, wenye jina lilelile ambalo Wekundu hujivunia, ndio unaofurika na kuingia Jangwani kwa Yanga masika yakizidi. Ndipo Yanga walipopata jina la vyura.

Majina ya kutaniana yana historia yake. Mgogoro uliotikisa Yanga katikati ya miaka ya 1970, ambao ulizaa klabu ya Pan African mwaka 1976, uliacha majina mawili ya viatu: Raizoni na Kandambili. Raizoni kilikuwa kiatu cha soli nene, fahari ya vijana wa mjini wa wakati ule. Kandambili ni ndara za mpira za mtu wa kawaida. Ugomvi wa uongozi ukasemwa kwa lugha ya miguu, na kila aliyesikia akaelewa nani anamdharau nani. Kisha likatokea jambo ambalo wanaisimu hulipenda: tusi la ndani likavuka ukuta. Watu wa Simba waliliokota jina la kandambili na kuwaita Yanga wote kwalo, waliokuwa Raizoni wakiwamo. Yanga nao hujiita Wananchi, na hapo mtu aweza kusikia kandambili zilezile zikivaliwa kwa heshima.

Hata hivyo, hazina kubwa ya kumbukumbu za mashabiki si majina bali tarakimu. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland mabao 5 kwa 0. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu na Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, moja Yanga wakijifunga. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ilishinda 5 kwa 0, na tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikashinda 5 kwa 1. Shabiki hazitaji tarakimu hizi kama mwandishi wa takwimu. Husema "sita bila". Katika sarufi ya kawaida "bila" ni kihusishi kinachodai kijalizo: bila chakula, bila sababu. Uwanjani kijalizo kimedondoka na "bila" limekuwa jina la sifuri, kiasi kwamba timu mbili zaweza kutoka "bila bila". Mabao matano huitwa "mkono", kwa hesabu ya vidole, na anayetania hana haja ya kusema neno. Hupunga kiganja tu kwa mbali, kama anayesalimia, na mtani wake hugeuza uso. Sare isiyo na mabao huitwa "suluhu", neno la upatanisho. Yumkini ndilo neno la kinafiki kuliko yote katika msamiati huu, maana hakuna anayetoka uwanjani amepatana na mtu.

Tarakimu hizo huwekwa kama deni. Husemwa kuwa fulani "amelipa" au "bado anadaiwa", na ile sita ya 1977 imekuwa ikidaiwa kwa miaka mingi. Hata ushindi wa 2023, mkubwa kama ulivyokuwa, haukuifikia. Anayedai si lazima awe alikuwapo. Kijana aliyezaliwa miaka 20 baada ya Kibadeni kufunga mabao yale husema "tuliwafunga sita" bila kusita. Kiambishi "tu-" humwingiza katika umati ambao hakuwahi kuuona, na "-wa-" humwingiza mtani wake upande wa pili, naye pia hakuwapo. Hivi ndivyo nasaba isemavyo: mjukuu husema "tulitoka Unyamwezi" ingawa yeye ni mzaliwa wa Magomeni. Wanaoona jambo hili kuwa ni ujinga wa mashabiki hawajasikiliza vizuri jinsi watu wanavyosema juu ya babu zao.

Aliyefungwa husimulia kwa sarufi nyingine. "Tulifungwa" husemwa mara chache. Badala yake huja vitenzi vyenye watendaji wengine: mwamuzi alituonea, mchezaji fulani alihongwa, viongozi walitusaliti. Mshindi hukumbuka hesabu. Mshindwa hukumbuka hadithi. Ndiyo maana masimulizi marefu na yenye ufundi mara nyingi hutoka kwa upande ulioshindwa.

Namna ya kusimulia nayo ina chanzo chake. Tanzania Bara ilianza kupata televisheni mwaka 1994. Mapambano ya 1968, 1974 na 1977 yaliwafikia wengi kwa sauti ya redio. Kumbukumbu ya Nyamagana, Mwanza, ya tarehe 10 Agosti 1974, ni mfano mzuri. Katika mchezo ule ulioamua ubingwa wa taifa, Simba ilitangulia kwa bao la Adam Sabu, Gibson Sembuli akasawazisha dakika zikiyoyoma, na Sunday Manara akafunga la ushindi katika muda wa nyongeza. Msimulizi wa tukio la aina hii huanza kwa wakati uliopita, kisha mpira unapokaribia lango huhamia wakati uliopo, na kiima hurudi nyuma ya kitenzi: anaupata Manara, anamtoka mmoja, anapiga. Huo ni muundo wa mtangazaji, ambaye huona tendo kabla ya kumtambua mtendaji. Redio ilinyamaza zamani, lakini sintaksia yake ingali hai katika vinywa vya watu. Manara alipewa jina la "Kompyuta" wakati ambapo ni Watanzania wachache mno waliokuwa wameiona mashine hiyo. Mwanawe, Haji Manara, alikuwa msemaji wa Simba hadi mwaka 2021, kisha akawa msemaji wa Yanga. Kwa sheria za ushindani huo ni usaliti. Kwa sheria za utani, ambao huruhusu kuoana, ni jambo la kifamilia.

Sasa kuhusu wajibu. Mwezi Novemba 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka suluhu ugenini Abidjan, kisha ikafungwa 2 kwa 0 na Stella mjini Dar es Salaam. Wapo watu wa Yanga walioshangilia, na jina la Stella likawa silaha ya kutania. Mwaka 2023 zamu ikageuka: Yanga ilikosa Kombe la Shirikisho mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini, na wapo watu wa Simba waliokwisha kuwa Waaljeria kwa usiku mmoja. Utani wa kale ulikuwa wa watu wawili. Mgeni hakuwa na nafasi ndani yake. Akimtukana mtani wako, ulikuwa na wajibu wa kumkanya, ili ubaki na haki ya kumtukana mwenyewe. Kumwazima mgeni ili amcheke mtani ni ukiukaji wa mkataba, hata kama unachekesha, na hakika unachekesha.

Msiba nao ulifika. Katika tano bila ya 2012 mmoja wa wafungaji alikuwa Patrick Mafisango, mzaliwa wa Kongo aliyeichezea timu ya taifa ya Rwanda. Siku 11 baadaye, tarehe 17 Mei, alifariki katika ajali ya gari jijini Dar es Salaam. Tangu hapo kila anayeihesabu mikwaju ile, na kila anayehesabiwa, hufika mahali penye jina lake. Vidole vinne vyaweza kutaniwa. Cha tano ni cha marehemu, na mtani anajua la kufanya hapo bila kufundishwa na chuo.

Neno "dabi" limeingia katika mazingira haya. Miaka ya karibuni "Dabi ya Kariakoo" imekuwa jina la mabango na matangazo, likichukua nafasi ambayo zamani ilikuwa ya "pambano la watani". Kukopa maneno si dhambi. "Yanga" lenyewe ni Kiingereza kilichopewa irabu. Lakini tazama msamiati uliotawala wakati mchezo wa tarehe 8 Machi 2025 ulipoahirishwa siku ileile, baada ya Simba kulalamika kuwa ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku uliotangulia. Mashabiki walizungumza juu ya kanuni, bodi, pointi na rufaa. Yanga ikalifikisha shauri hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Na mchezo ukaja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2 kwa 0. Kwa miezi mitatu watani walisemezana kama wenye kesi.

Dalili ya wazi zaidi iko katika wingi wa neno lenyewe. "Dabi" hukubali kuongezwa. Azam, klabu ya jijini humohumo, bingwa wa msimu wa 2013/14, ikikutana na Simba au Yanga huitwa Dabi ya Mzizima, kwa jina la kale la Dar es Salaam. Watangazaji hawakusita kuliunda jina hilo, na mashabiki hawakulikataa. Lakini hakuna anayeiita Azam mtani wa Simba, wala mtani wa Yanga, ingawa imewafunga wote wawili. Mtunga kamusi atakayeandika fasili ya "mtani" katika uwanja wa michezo hana budi kueleza kwa nini.