Keki ya Chenga na Matunda ya Msimu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, akina mama na vijana wa Buyenzi, Bujumbura)



Maneno ya leo ni ya jikoni. Huenda akatokea mtu akadhani kuwa mambo ya jikoni ni madogo, hayastahili kusemwa mbele ya watu wazima. Mtu huyo na akumbushwe kuwa heshima ya nyumba huonekana barazani, lakini hutengenezwa jikoni. Mgeni aliyeketishwa vizuri na asipewe kitu hurudi kwake akiwa na maneno machache ya kusifu.

Wahenga wamesema: Akiba haiozi. Ni kweli, lakini embe huoza. Kila msimu wa maembe ufikapo, bei hushuka, mafungu hujaa sokoni, na baada ya siku chache sehemu kubwa ya neema ile huishia jalalani. Siku hizo hizo, katika nyumba zile zile, watoto huomba kitu kitamu cha kunywea chai, na fedha hutolewa kununua biskuti zilizotoka mbali. Basi swali lililo mbele ya kila mwenye nyumba ni hili: vipi tunda linaloharibika leo ligeuzwe kuwa tafrija ya kesho, au hata pato la kesho kutwa? Jawabu moja, miongoni mwa mengi, ni keki ya chenga yenye matunda ndani.

Keki hii ni ya tabaka tatu. Chini ni unga uliofikichwa kwa siagi na kushindiliwa. Katikati ni matunda yaliyopikwa mpaka yakawa mazito. Juu ni unga ule ule, ila umeachwa katika chenga zake bila ya kushindiliwa. Huokwa, hupoa, kisha hukatwa vipande. Umbo lake ni geni kidogo, lakini ndugu zake wanajulikana. Waarabu wana maamul, vikeki vya Idi vyenye tende ndani. Watu wa Unguja na mwambao wana vileja vya unga wa mchele na samli, ambavyo husagika kinywani mara viguswapo na ulimi.

Asili ya chenga hizi ina mafunzo. Huko Uingereza, siagi na sukari zilianza kugawiwa kwa kipimo mwezi wa Januari 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kipimo cha siagi hakikuondolewa mpaka 1954. Ni katika miaka hiyo ya dhiki ndipo matunda yaliyofunikwa kwa chenga yalipopendwa sana majumbani, kwa kuwa chenga zilikula unga na mafuta kidogo kuliko maandazi ya kusukumwa. Basi hiki ni chakula cha watu waliobanwa, nao wakakataa kunyimwa furaha.

Dhiki haikosi kupiga hodi hapa pia. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano duniani kote, na mwenye kununua unga kwa kilo aliyajua hayo bila ya kusoma gazeti. Hapa ndipo keki ya chenga inapoonyesha fadhila yake. Mkate wahitaji unga wenye nguvu ya kuvutika, ili uumuke. Keki hii yachukia kuvutika. Uzuri wake ni kuvunjika. Kwa hiyo theluthi moja ya unga wa ngano yaweza kuondolewa, na mahali pake pakatiwa unga wa mchele, kama ule unaolimwa katika bonde la Imbo, au unga wa muhogo, wala mlaji hatalalamika. Haihitaji hamira, wala haihitaji yai.

Sasa vifuate vipimo. Kwa bati la mraba lenye upana wa sentimeta 23 yatakiwa unga gramu 300, sukari gramu 150, siagi gramu 200, chumvi kidogo, na hiliki iliyotwangwa. Atakayetumia samli na apunguze mpaka gramu 160, kwa sababu siagi ina maji ndani yake na samli haina. Matunda yawe gramu 500 baada ya kumenywa, sukari yake gramu 100, na kijiko kimoja cha maji ya ndimu.

Kazi ya kwanza ni matunda, na hapa ndipo wengi hukosea. Tunda bichi likitiwa kati ya unga hutoa maji yake yote, na unga wa chini hugeuka uji. Hapana budi maji yale yatolewe kwanza. Maembe au mananasi hukatwakatwa, hutiwa sukari na ndimu, hupikwa kwa moto mdogo bila ya kufunikwa, na kukorogwa mpaka mwiko ukipitishwa chini ya sufuria uache njia isiyojifunga upesi. Mapera hukaza mapema zaidi kwa tabia yake, ila yapasa yachujwe mbegu. Marakuja hufaa kutia ukali katika maembe matamu mno. Na lile tunda jekundu lenye umbo la yai, liitwalo kwa Kifaransa prune du Japon, hutiwa katika maji ya moto kwanza na kuambuliwa ganda, kwani ganda lake ni chungu. Yote haya huachwa yapoe.

Kazi ya pili ni unga. Siagi hufikichwa ndani ya unga kwa ncha za vidole, si kwa viganja, maana kiganja kina joto. Mafuta huzivika chembe za unga, zikakosa kushikamana na kuvutika. Bujumbura ni mji wa joto, kwa hiyo alfajiri ni saa njema ya kazi hii. Zikishatokea chenga, ndipo hutiwa sukari, chumvi na hiliki. Theluthi mbili hushindiliwa chini ya bati na kuokwa peke yake kwa dakika 15. Kisha hutandazwa matunda, hunyunyizwa chenga zilizobaki, na bati hurudishwa motoni kwa dakika 30 au 35, mpaka juu pawe rangi ya dhahabu.

Asiye na tanuri asikate tamaa. Jiko la makaa, liitwalo hapa mbabura, latosha. Sufuria kubwa na nene hutiwa mchanga mkavu na mawe matatu, huwekwa juu ya moto kwa dakika 10 ipate joto, bati huwekwa juu ya mawe, na mfuniko hupaliwa makaa. Kanuni ni hii: makaa machache chini, mengi juu. Kazi hii ifanywe uani penye upepo, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwani makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imeua watu usingizini.

Kazi ya tatu ni ngumu kuliko zote, nayo ni kungoja. Keki ikikatwa ingali moto, matunda hutiririka na chenga huporomoka. Ikipoa kabisa, hukatika vipande 16 vilivyo sawa. Subira huvuta heri, na hapa heri yenyewe huonekana kwa macho. Vipande hivyo visizidi siku mbili, kwani joto la mji huu halina huruma kwa matunda.

Limebaki neno la biashara. Mama anayetaka kuuza na aandike gharama zake zote: unga, mafuta, sukari, matunda, makaa, na saa zake mwenyewe. Wengi husahau makaa, na karibu wote husahau saa zao. Kisha hushangaa kuona kuwa wameuza sana na mkoba ungali mtupu. Jumla hiyo igawanywe kwa 16, ndipo ijulikane kipande kimoja kimegharimu nini, na bei ipangwe juu yake.

Wakazi wa mji huu hawajasahau Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoteketea kwa moto. Mali ya wafanyabiashara wengi ilikuwa majivu kabla ya siku kwisha. Mali yaweza kuungua, na duka laweza kufungwa. Lakini ujuzi uliomo mkononi mwa mama hauungui, na aweza kuanza nao tena kesho yake kwa bati moja na fungu moja la maembe. Kwa hiyo binti asiyefundishwa kazi ya mikono amenyimwa urithi, na kijana wa kiume naye asifukuzwe jikoni, kwani njaa haichagui.

Na keki ya kwanza kutoka motoni isiuzwe. Vipande vyake 16 vigawanywe: kwa jirani wa kulia na wa kushoto, kwa mzee asiye na wa kumpikia, na kwa watoto waliomenya maembe. Itakayofuata ndiyo ya sokoni.