Kumkumbuka Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany

Hotuba iliyosomwa na Karani mbele ya wazee na wanachama, Jomvu Kuu



Halmashauri imetuagiza tuseme maneno machache juu ya marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mwalimu, aliyefariki dunia mjini Mombasa mwaka 2017. Twajua wako watakaouliza kwa nini kitabu cha taarifa ya mwaka, ambacho kazi yake ni hesabu za ada, mazishi na karo za watoto, kitiwe habari za mtunzi wa Lamu ambaye hakuwa Mjomvu wala hakuwa mwanachama wetu. Swali hilo ni la haki. Twaomba mtuvumilie kidogo, jibu lake litakuja.

Marehemu alizaliwa Lamu mwaka 1927, akalelewa na bibi yake, Bi Amina Abubakar Sheikh, naye bibi huyo alikuwa mjuzi wa tungo. Wengi wasemao habari za Sheikh Nabhany hulipita jambo hili upesi. Sisi twaona ndilo la kuanzia, kwa kuwa elimu yake ya kwanza ya ushairi ilitoka katika kinywa cha mwanamke mzee, nyumbani, kabla haijatoka katika karatasi yo yote. Na mwaka 1972, kilipopigwa chapa kitabu cha Utendi wa Mwana Kupona pamoja na Utendi wa Ngamia na Paa, jina la bibi na jina la mjukuu yalitokea yote mawili. Mjukuu hakuitwaa elimu ya bibi yake akaiita yake. Wenye kuandika na watie jambo hilo moyoni.

Baadaye alifanya makao Mombasa, akashirikiana na makumbusho ya Ngomeni. Hakupitia chuo kikuu, lakini walimu wa vyuo vikuu, wa hapa kwetu na wa Ulaya, walimwendea wakaketi kwake kama wanafunzi. Wao walikuwa na shahada, ila walipokutana na utendi wa kale ulioandikwa kwa harufi za Kiarabu, wakakwama katika neno ambalo kamusi hailijui, iliwabidi kumtafuta mtu aliyelisikia neno lile likitumika. Mtu huyo mara nyingi alikuwa Sheikh Nabhany. Vitabu vingi vya wataalamu vyamtaja kwa shukrani, na huenda vingine vilipaswa kumtaja zaidi ya hapo.

Sasa twende kwenye kazi yake ambayo kwa maoni yetu yawahusu watu wa Jomvu kuliko nyingine zote. Mwaka 1979 ilipigwa chapa huko Leiden, katika nchi ya Uholanzi, tungo yake iitwayo Sambo ya Kiwandeo, iliyosimamiwa na wataalamu wawili, Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg. Sambo ni chombo cha baharini, na Kiwandeo ni jina la kale la Lamu. Katika tungo ile Sheikh Nabhany aliandika jinsi chombo kinavyoundwa, na kila kipande akakiita kwa jina lake. Wazee wetu waliopata kusafiri kwa jahazi watayatambua majina ya namna hiyo: mkuku, ambao ndio mti wa chini unaobeba chombo chote, mataruma, yaliyo kama mbavu zake, omo na tezi, foromali inayochukua tanga, na ngama, mahali yanapokusanyika maji ndani ya chombo. Fundi aunda chombo, chombo chasafiri, chazeeka, chaoza ufuoni. Kilichoandikwa chaweza kubaki ijapokuwa hakuna tena mtu wa kukiunda.

Akafanya vivyo hivyo kwa mnazi. Kitabu chake Umbuji wa Mnazi kilitoka Nairobi mwaka 1985. Mtu wa bara huona nazi moja tu, nasi twajua kwamba kabla ya nazi kuna kidaka, na kitale, na dafu, na koroma, na kila moja ina kazi yake na wakati wake, wala mgema hawezi kumtuma kijana juu ya mti asipoweza kumwambia kwa neno moja aangue lipi. (Tuliwauliza vijana wanne wa hapa hapa watofautishe kitale na koroma. Mmoja aliweza, naye alisaidiwa na mama yake aliyekuwa akisikiliza dirishani.)

Watu wengi wasiojua tungo zake wamelitumia neno moja lake pasipo kujua ni lake, nalo ni runinga. Yasemekana aliliunda kwa kuunganisha rununu, yaani habari isikiwayo kutoka mbali, na maninga, ambalo ni neno la kale la macho. Sisi huku twasema mato, lakini wazee wenye kujua tungo hawatashangaa kusikia maninga. Shauri lake lilikuwa kwamba kabla hatujaazima neno kwa wageni, tulitafute kwanza katika lahaja zetu wenyewe, kwa mabaharia, kwa mafundi, kwa akina mama, kwani huenda limo humo limelala. Si maneno yake yote yaliyopokewa. Mashine ambayo wengine huiita tarakilishi, na wengi zaidi kompyuta, yeye aliiita ngamizi, nalo neno hilo halikuenea. Soko la maneno lina hukumu yake. Lakini hata pale aliposhindwa, njia yake ilikuwa njema, kwa maana alianza kwa kuuliza wenye kazi.

Na hapa ndipo tunapofikia swali la mwanzo.

Wajomvu ni mmoja katika miji tisa, nayo miji tisa pamoja na mataifa matatu ndiyo Thenashara Taifa ya Mombasa. Tuna mkono wetu wa bahari, tuna mikoko yetu, tuna matamshi yetu ambayo mtu wa Mji wa Kale huyatambua mara moja, na wakati mwingine hutucheka. Mwaka ule ule wa 2017 aliofariki Sheikh Nabhany, ndio mwaka gari la moshi la reli mpya lilipoanza kuchukua abiria kati ya Nairobi na stesheni ya Miritini, jirani zetu. Vijana wetu wamepata kazi katika yadi za makontena na katika malori. Hatulaumu, kazi ni kazi, na ada za chama hiki zalipwa na mishahara hiyo. Lakini kijana ashindaye yadini kutwa hana sababu ya kujua jina la kamba ya tanga.

Mwaka jana chama hiki kilisaidia mazishi ya mzee mmoja aliyekuwa akiunda madau na kuyatengeneza hapa ufuoni. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa jamaa zake hawakuombwa ruhusa. Vyombo vyake vya kazi vimo nyumbani hata sasa, tezo na keke na msumeno, vimefungwa katika gunia safi. Dau lake la mwisho liko pale pale alipoliacha, halijamalizika. Tulipokwenda kuwapa pole wenyewe, tuliwauliza wajukuu majina ya vipande vya dau lile. Mkuku waliuita "mti wa chini". Mataruma waliyaita "mbao za kupinda". Ni watoto wema, nao walitujibu kwa adabu. Hawakuwa wameambiwa, na aliyeweza kuwaambia tulikuwa tumetoka kumzika siku tatu nyuma.

Sheikh Nabhany hakungoja mazishi. Aliwaandika mabaharia na mafundi wa Lamu wangali hai, naye mwenyewe akaandikwa na wengine angali hai.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta ombi mbele yenu. Litengwe fungu dogo katika hesabu ya mwaka ujao, la madaftari na la chombo kimoja cha kunasia sauti, ili wazee wa Jomvu Kuu waulizwe majina ya kazi zao: wavuvi, wakata mikoko, wagema, mafundi wa makuti, na akina mama wenye maarifa ya ususi na ya dawa za watoto. Twajua kwamba wazee wengine watasita. Wamekwisha kuulizwa sana na wageni wenye madaftari, na walichokisema kikaenda kisirudi. Sambo ya Kiwandeo yenyewe ilipigwa chapa Ulaya, na katika sanduku la vitabu la chama hiki haimo. Hivyo twapendekeza kwamba daftari likae hapa Jomvu, chini ya mikono ya wazee watatu watakaochaguliwa na mkutano. Jina la mzee aliyesema liandikwe juu ya maneno yake, kama lilivyoandikwa jina la Bi Amina. Na nakala moja apewe yeye mwenyewe au watoto wake. Asiyetaka jambo fulani liandikwe, lisiandikwe.

Mweka Hazina ametueleza kwamba fedha za mazishi zisiguswe kwa kazi hii, nasi twakubaliana naye kabisa. Fungu hili litoke katika michango ya hiari. Hata jana jioni watu saba walikuwa wameahidi kuchanga, na wawili katika hao wamekwisha kulipa.

Kuhusu dau lile, jamaa wa marehemu wamekubali libaki ufuoni mpaka msimu wa mvua, ili mafundi wawili wazee, mmoja wa hapa na mmoja wa Mikindani, walitazame pamoja na vijana na kutaja kipande kwa kipande. Siku iliyowekwa ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya alasiri. Wenye watoto wa shule na waje nao. Wenye kutaka kuandika waje na kalamu, na majina yao wayatoe kwa Karani kabla ya kuondoka hapa.