Yoga, mkeka na Farm 17

Mmesikia kwenye taarifa: 21 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014. Sisi wa Mandawa, kusini mwa Tanzania, tusicheke. Yoga humfundisha mtu kutua kwanza mwilini mwake, hata akiwa mbali na kwao. Hilo huku kusini tunalijua. Pale kambi ya Farm 17, Nachingwea, vijana wa FRELIMO, wapigania uhuru waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, walinyoosha viungo kwenye ardhi ya ugenini hadi nchi yao ilipopata uhuru, 25 Juni 1975. Na wazee wetu waliohamishwa na Operesheni Vijiji, ile ya kuwakusanya watu kwenye vijiji vipya? Waliacha miembe, wakaacha makaburi. Ngoma hawakuiacha, maana ilikuwa miguuni. Mkeka, kama wa yoga, nasi tunao. Leo jioni utandikeni, mkae na wazee, muwaulize walihama kutoka wapi.